Bwana Mirindi kwenye Kinanda

Jumatatu, 7 Oktoba 1968

Nimenunua daftari. Zamani mipango yangu nilimwambia Béatrice, mke wangu. Tangu alipofariki, Novemba iliyopita, mipango inabaki kichwani na kuchacha kama maziwa. Daftari lina faida moja: halicheki. Béatrice alicheka kila mara, lakini alisikiliza mpaka mwisho kwanza.

Habari ya leo. Gaspard, mpiga saksafoni na mkubwa wa orkesta yetu, ametuita asubuhi kwenye hoteli tunakopiga na kutangaza kwamba redio inakuja. Jumapili tarehe 20, saa tisa mchana, muziki wetu utarushwa moja kwa moja. Nchi nzima itasikia. Uvira ng'ambo watasikia. Hewa ikiwa safi, hata Bukavu kwetu.

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka mara iliyopita. Mtangazaji alisema: Gaspard kwenye saksafoni, Libère kwenye trompeti, Seifu kwenye ngoma, na wengine.

Wengine ndio mimi! Mimi na Mawazo wa besi. Mawazo hajali. Ana watoto saba, na wote wanajua jina lake.

Siku ile Béatrice alikuwa nyumbani, mtaa wa Bwiza, redio dirishani. Niliporudi aliniuliza kwa uso mkavu: "Huyu Wengine ni mutu wa wapi? Anapiga muzuri." Kisha akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nasikitika sasa kwamba sikucheka.

Miaka kumi na saba napiga piano ya jazi, nyuma ya wakubwa saba wa orkesta. Bukavu nilipiga nyuma ya Mbelgiji wa klarineti aliyehesabu kwa sauti. Nilipiga nyuma ya mwimbaji aliyesahau maneno katika kila wimbo, nikawa najaza mashimo. Nilipiga nyuma ya akodioni. Piano nyuma ya akodioni! Tangu 1961, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, niko hapa. Picha ya orkesta imetundikwa mlangoni mwa hoteli. Ukitazama vizuri upande wa kushoto, kuna kiwiko. Ni changu.

Nimeamua. Tarehe 20 jina langu litasemwa redioni. Mara moja tu. Sitaomba zaidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: samaki.

Mtangazaji wa kipindi cha Kiswahili ni Melchior, kijana mpole kutoka Gitega, na watu wa milimani hawapati mukeke mbichi wa ziwani kila siku. Asubuhi nimenunua watatu, wanono, macho bado yanang'aa. Nikawafunga vizuri kwa karatasi kubwa niliyoikuta nyuma ya piano. Mlinzi wa redio hakuniruhusu kuingia. Nikamwachia.

Sikuandika jina. Zawadi yenye jina ni rushwa. Isiyo na jina ni upole. Melchior ana akili, atajua mwenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba

Hakujua.

Ile karatasi kubwa ilikuwa tangazo letu la mwaka jana. Kwa herufi nyekundu: GASPARD NA JAZI YAKE. Melchior amekuja mpaka hotelini kushukuru. Amemshika Gaspard mikono miwili. Amesema mama yake yuko mjini kwa matibabu, na ni mara ya kwanza wiki hii amemaliza sahani.

Nilimtazama Gaspard. Nilidhani atauliza, samaki gani? Hata! Akainamisha kichwa kama askofu. "Ni kitu kidogo, mon cher. Kidogo sana." Mtu anapokea shukrani za samaki asiowajua!

Melchior ameahidi kulitaja jina la Gaspard mara mbili, mwanzo na mwisho.

Hata hivyo nimefurahi kwa ajili ya yule mama.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mpango wa pili: nguzo.

Piano yetu ni ile ya kusimama, waliyoiacha Wabelgiji, na iko nyuma ya nguzo. Asiyeonekana hatajwi, ndiyo hesabu yenyewe. Nguzo haisogei. Piano ina magurudumu.

Nilimweleza Mgiriki mwenye hoteli kwamba ukuta una unyevu, sauti inaharibika. Akakubali. Seifu na Mawazo wakanisaidia kusukuma. Seifu ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi, mpiga ngoma, mikono yake ina nguvu kuliko subira. Tulipoiondoa piano ukutani tukakuta, chini nyuma, vijiko vya kahawa kumi na kimoja.

Mwezi wa sita Mgiriki aligombana na wahudumu wote kwa sababu ya vijiko hivyo. Alivitazama. Akanitazama. Nikasema ni panya. Akauliza ni panya gani hao wanaoacha uma na kuchagua vijiko vya kahawa tu. Wahudumu lakini wamenishukuru sana.

Basi, piano ikafika mbele, katikati kabisa. Nikakaa, nikanyoosha mgongo. Nikamwomba Seifu aende kukaa kwenye viti vya wateja aniambie anaona nini. Alikaa. Akahamia kiti kingine.

"Mukubwa, naona ubao."

Nikauliza, ubao gani?

"Ubao muzuri."

Ulikuwa mgongo wa piano. Nikiigeuza, wateja wanaona mgongo wangu. Tumejaribu pia kuiweka upande, Mawazo akakosa pa kusimama. Saa sita imerudi nyuma ya nguzo. Kiuno kinauma.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya kwanza. Kisha Léocadie, mdogo wake Béatrice, ameniletea mboga ya sombe. Anauza vitenge sokoni na huniangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani aliyesafiri. Amekuta nimeweka vikombe viwili mezani. Nikamwambia kimoja ni chake. Akasema, "Ndiyo, shemeji," akanywa, ingawa hanywi kahawa.

Mchana tumepiga. Libère wa trompeti alikuwa na suti mpya, na katika wimbo wa tatu aliingia amechelewa. Nikamrudishia njia: nikapiga tena mlango wa wimbo, kana kwamba tulipanga hivyo, akaingia akaonekana hodari. Hiyo ndiyo kazi yangu. Béatrice alisema mimi napanga meza, wengine wanakula.

Baadaye nikamsikia Libère akimwambia mhudumu kuwa leo piano ilikuwa nzito. Nikamgeukia. Nikamwambia bila piano asingejua aingilie wapi. Akacheka, mkono begani kwangu. "Papa Mirindi, piano ni chumvi. Umeona wapi mutu anashukuru chumvi?"

Wote wakacheka. Mawazo pia!

Nimetafuta jibu njia nzima hadi Bwiza. Sijalipata.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimelipata jibu. Lilikuja nikiwa nanyoa: Hakuna anayeshukuru chumvi, lakini ikikosekana wote wanamwita mpishi.

Zuri sana! Jibu kama hilo haliwezi kulala mpaka Jumapili. Nikapanda baiskeli hadi Ngagara, kwa Libère. Hayupo, yuko kwa fundi nguo. Mke wake, Spès, akanikaribisha kwa heshima. Nikamwambia basi nitamwachia ujumbe. Nikasema: chumvi ikikosekana, wote wanamwita mpishi.

Alinitazama kwa huruma nyingi. Akaingia jikoni. Akarudi na kikombe cha chumvi kimejaa, akasema nisione haya, mwanamume akibaki peke yake nyumbani vitu hivi humwishia bila kujua, na nikihitaji mafuta pia niseme tu.

Nilichukua. Ningefanya nini?

Jumanne, 15 Oktoba

Siku kubwa! Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Melchior alikuja mazoezini kuandika majina. Gaspard akamwamuru, ameegemea piano yangu: Gaspard saksafoni, Libère trompeti, Seifu ngoma, na wengine. Alisema muda wa redio ni mfupi. Aliegemea piano yangu huku akisema hivyo.

Nikamfuata Melchior hadi getini. Nikamkuta amesimama, anatafuna kalamu. Akanieleza shida yake. Mkubwa wake redioni ameagiza kwamba tangu mwezi huu kipindi cha Kiswahili kiwe Kiswahili. Apana Kifaransa ndani, kipindi si saladi ya lugha. Na yeye Kiswahili chake ni cha shuleni. Atasemaje saksafoni? Atasemaje trompeti?

Nilihisi kama ninaposikia mpiga solo anatafuta njia. Nikamwonyesha.

Nikamwambia Kiswahili nimefundishwa na Padri, misheni, Bukavu, pamoja na harmonia ya muziki, kutoka vitabu vilivyochapishwa pwani. Kiswahili safi. Nitamtafsiria orodha nzima. Ila orodha iwe kamili, na watu wote watano, kwa sababu Kiswahili safi hakipendi mambo ya nusu. Akakubali mara moja! Akafurahi!

Tukaandika hivi:

Gaspard, zumari kubwa la shaba.
Libère, tarumbeta.
Seifu, ngoma.
Mawazo, zeze nene.
Mirindi, kinanda.

Kwenye kinanda Melchior alisita. Akauliza, je, watu wote hawasemi piano tu? Nikamwambia piano ni neno la Wazungu. Kinanda kimo katika Zaburi. Watu walimsifu Mungu kwa kinanda kabla Mbelgiji hajazaliwa. Akaandika kwa wino, akapiga mstari chini yake.

Mpango wa tatu. Bila samaki, bila kusukuma kitu. Sijui kwa nini sikuanza na huu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwambia Seifu siri, kwa kuwa na yeye yumo kwenye orodha. Alifurahi mpaka nilipofika kwangu.

"Kinanda?" akasema. "Mukubwa, una hakika? Kwetu Buyenzi kinanda ni..."

Nikamkata. Nikamweleza kuhusu Padri, vitabu vya pwani, na Zaburi. Akajaribu tena: alitaka tu kusema kwamba nyumbani kwao baba yake ana... Nikamwambia kwa upole kwamba kila mtu ana chombo chake na sifa yake, na ngoma nayo imo katika Zaburi, asione wivu.

"Haya, mukubwa. Miye ni mutu wa ngoma tu."

Sikutarajia wivu kwa Seifu. Ni kijana mwema. Lakini sifa hubadilisha watu, hata kabla haijafika.

Nimewaambia majirani wote wasikilize. Fundi viatu, mama anayeuza samaki wa ndagala, mwalimu wa shule ya msingi, na Padri wa parokia, ambaye amesema saa hiyo huwa anapumzika lakini atajaribu kupumzika karibu na redio.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Piano imevimba. Noti moja ya juu, fa, imenyamaza kabisa, na nyingine inashuka ikipenda. Nimewasha balbu ndani ya piano ikauke. Mgiriki ameuliza kama naangua vifaranga.

Léocadie ameweka betri mpya katika redio ya Béatrice, ambayo sasa iko kwake. Ataiweka uani, majirani wote waje. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema apana. Akasema dada yake aliniambia uongo huo huo siku ya harusi yetu. Hapo nikaona amechanganya watu: aliyesema uongo siku ile nilikuwa mimi. Sikumsahihisha.

Jumapili, 20 Oktoba

Limesemwa.

Saa tisa kamili. Bustani imejaa, watu wamesimama hadi kwenye majani karibu na ziwa. Melchior na chombo chake cha kusemea, shati jeupe. Tukaanza wimbo wa Gaspard, ule mwendo wa polepole. Mimi nyuma ya nguzo, balbu imetolewa, fa imerudi.

Katikati ya wimbo Melchior akaanza kusoma juu ya muziki. Gaspard kwenye zumari kubwa la shaba! Nilimwona Gaspard akifungua jicho moja. Libère kwenye tarumbeta! Seifu! Mawazo kwenye zeze nene!

Kisha: "Na kwenye kinanda, Bwana Mirindi!"

Bwana! Sikumwomba Bwana.

Yaliyofuata lazima niyaandike kwa ukweli. Ilikuwa zamu yangu, mistari minane, na nilikuwa nimeandaa kitu kizuri. Lakini niliposikia jina, mikono ikasimama mahali pamoja. Nikawa napiga kipande kile kile. Sauti nne za kupanda, moja ya kushuka. Tena. Tena. Nilijua narudia na sikuweza kutoka. Nilikuwa nawaza redio ya Béatrice uani kwa Léocadie. Mara ya sita, au ya saba, Seifu akapiga ngoma pigo moja kubwa kama mtu anayemgonga punda, nikaruka mbele, tukaendelea.

Melchior, Mungu ambariki, akajaza: "Kinanda hiki ni kizuri, wasikilizaji. Sauti safi kabisa!"

Baada ya hapo Gaspard aliniangalia sana tu. Nadhani ni heshima.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nimeamka mapema nipite sokoni polepole, kichwa wazi, watu wanione. Na wameniona! Mama wa ndagala ameniita kwa mbali. "Mirindi! Kinanda yako ni kali! Ulinunua wapi?" Nikamwambia si yangu, ni ya Mgiriki. Akauliza ni ya kuzungusha kwa mkono au ya betri.

Nilidhani sijasikia.

Fundi viatu akaniambia pole kwa ile sahani iliyokwama. Yeye ya kwake ikikwama huweka sarafu juu ya sindano.

Hapo nikaanza kuelewa, polepole, kuanzia miguuni.

Nikaenda mbio hadi Buyenzi kwa Seifu. Baba yake alikuwa kibarazani. Mbele yake juu ya kigoda kulikuwa na sanduku lenye pembe kubwa, sahani nyeusi ya santuri inazunguka, mtu anaimba ndani. Nikauliza kile kitu kinaitwaje. Mzee akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linaitwaje.

"Kinanda, mwanangu."

Seifu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alijaribu.

Basi mji wote umesikia hivi: katika bustani ya hoteli watu wanne walishika zumari, tarumbeta, ngoma na zeze, lakini muziki wenyewe ulitoka kwenye kinanda cha Bwana Mirindi, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, akiweka sahani. Na moja ikakwama, wote wameisikia. Watu wanasema ndiyo sababu ilikuwa nzuri hivyo: ni sahani ya Ulaya.

Mchana, hotelini. Libère hakuketi. Amesema sokoni watu wamemwuliza ni nani hasa aliyepuliza kwenye ile sahani. Yeye! Na suti mpya! Gaspard alisema kwa Kifaransa kwa muda mrefu, kisha kwa Kirundi, kisha akapumzika, kisha kwa Kiswahili: "Zumari, Mirindi. Zumari! Miye ni mutu wa kuchezesha nyoka?"

Mbaya zaidi ni Mgiriki. Hakukasirika. Alikuwa anafikiri. Aliuliza, kwa upole kabisa, kama wateja wanaamini ni sahani na bado wamejaa hadi ziwani, basi yeye analisha watu watano wa nini.

Hata Libère alikaa chini.

Gaspard akaniambia: nenda redioni kesho. Rekebisha. Mgiriki akinunua hicho kisanduku, sote watano tutarudi kwetu, na kila mmoja atamweleza mke wake kwamba ni kwa sababu ya Mirindi. Kisha akakumbuka, akaona haya, akatazama viatu vyake. Ni mtu mwema, Gaspard.

Jumatano, 23 Oktoba

Jana nilikwenda redioni. Mlinzi sasa ananijua, amenikaribisha na kuuliza bei ya sindano. Melchior alikuwa mnyonge sana. Nikamwambia kosa si lake, ni la Padri wa misheni. Tukakaa kuandika masahihisho. Nilitaka maelezo marefu: maana ya kinanda pwani, maana yake Buyenzi, na habari za Zaburi. Mkubwa wake akaingia, akasema masahihisho ni sentensi mbili, zisomwe baada ya habari za mvua.

Leo asubuhi, saa moja, nchi nzima imesikia: "Redio inasahihisha. Jumapili iliyopita Bwana Mirindi hakuwa na kinanda chochote."

Sentensi ya pili ilikatwa, muda uliisha.

Kwa hiyo jina langu limesemwa mara mbili. Mara ya pili kuniondoa.

Lakini Mgiriki amesikia, na ameamini kwamba kisanduku hakikuwepo. Jumapili ataita wateja kumi waje kukaa karibu kabisa, wamshike Libère shavu wakitaka. Orkesta inabaki. Gaspard akapumua. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba ni vizuri nipumzike Jumapili mbili, mpaka watu wasahau. Nani atapiga? Libère atakaa kwenye piano anapokuwa hapulizi. Kwa kidole kimoja! Nimemwomba angalau asimwage bia.

Léocadie amekuja jioni na redio mkononi. Nilimwambia nisamehe, shemeji, uliwakusanya majirani wote. Akasema mimi sijui mambo yalivyokuwa. Jina liliposemwa, uani wote walipiga makofi, na kile kipande kilipoanza kurudia, yeye alijua siyo sahani. Alimsikia dada yake. Alisikia hasa namna ambavyo Béatrice angecheka: kwanza angejizuia, mara ya tatu angeshika ukuta, mara ya tano angekaa chini. "Ungemuua, shemeji," akasema. Kisha akashika mdomo.

Tulicheka. Tulicheka mpaka Léocadie naye akakaa chini. Nilicheka pia kwa ile ya zamani, ya Wengine.

Ameiacha redio hapa. Anasema ni mimi ninayesemwa humo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Amekuja mgeni! Mjomba wa bibi harusi mmoja, kutoka Buyenzi, mtu mzima mwenye kofia safi. Harusi ni Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Familia nzima ilisikia redio ile Jumapili, masahihisho hawakuyasikia, na wamekubaliana wote, jambo ambalo anasema halijatokea tangu posa: wanataka kinanda cha Bwana Mirindi, na sahani ile ile.

Mtu mwingine angemweleza. Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini alikuwa ameniita Bwana Mirindi mara nne tangu mlangoni, na alisema bibi harusi ameomba hasa kile kipande kinachorudia.

Nikasema, bila shaka.

Mpango ni rahisi, na umekamilika. Pazia zito uani, kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele ya pazia, meza na sanduku lenye pembe (la baba yake Seifu), na mimi nimesimama kando, nazungusha mpini. Nyuma ya pazia, orkesta. Naweka sindano, wanaanza. Naondoa sindano, wanakoma. Piano haitakuwepo, lakini kwenye sahani nani huona piano? Kile kipande nitakiimba nikiwa nimeelekea pembeni. Seifu ameshakubali, ila ameniuliza itakuwaje Libère akipiga chafya. Nimemwambia sahani nyingi za Ulaya zina chafya.

Gaspard bado hajui. Nitamwambia Jumamosi saa saba na nusu, ili asipate muda wa kukataa. Akishasikia makofi ataelewa. Sioni kitu kinachoweza kuharibika. Nimetazama pande zote.

Lililobaki lilikuwa sahani yenyewe, maana wageni watataka kuiona. Baba yake Seifu amenipa ya zamani iliyopasuka ukingoni. Sahani ina kikaratasi cha mviringo katikati, na hapo ndipo huandikwa majina ya wapigaji. Nimekata kingine, nimekibandika juu kwa unga wa muhogo. Nimeandika la kwangu kwanza, kwa herufi kubwa, pamoja na Bwana.

Limejaza duara lote. Gaspard na wenzake nitawaandika upande wa pili.